Kidonge cha Kolesteroli Huanza Kazi Lini?

Mwezi huu tumeichagua barua moja kati ya zilizotufikia, kwa sababu swali lililomo ndani yake tunaulizwa karibu kila Jumapili tunapokaa na mashine yetu ya presha nje ya kanisa baada ya ibada. Mwandishi ni mama wa watoto wanne. Mumewe alipata kiharusi kidogo: mkono na mguu wa kulia vililegea, maneno yakampotea kwa siku mbili, kisha kwa neema ya Mungu yakarudi. Hospitalini wakaona ni mshipa wa ubongo ulioziba. Alipewa dawa ya presha, aspirini, na kidonge cha kolesteroli kiitwacho atorvastatini cha miligramu 40, anywe kila siku.

Sasa ni wiki ya tano. Baba anasema dawa ya presha anaiona kazi yake, maana akipimwa namba zimeshuka. Lakini hiki cha kolesteroli hakimfanyii lolote analoliona, tena kinawagharimu kuliko vingine vyote, na ada za shule za muhula ujao zinakaribia. Mama mkwe naye amekuja na chupa ya ndimu, tangawizi na kitunguu saumu, akisema hiyo ndiyo inayoyeyusha mafuta. Mama wa watu yuko katikati. Anauliza mambo mawili tu: dawa hii huchukua muda gani mpaka ifanye kazi, na mumewe atainywa mpaka lini?

Tutoe kwanza jibu fupi kwa aliye na haraka na chungu kiko motoni. Kidonge huanza kazi siku ileile kinapomezwa. Katika damu, kushuka kwa kolesteroli huonekana ndani ya wiki moja au mbili, na ikifika wiki ya nne mpaka ya sita huwa imeshuka karibu kiasi chote ambacho dozi hiyo inaweza kuishusha. Faida kwa moyo na ubongo huhesabiwa kwa miaka. Na mtu akiacha, kolesteroli hurudi ilikokuwa ndani ya wiki chache. Katika hayo yote mgonjwa mwenyewe hasikii kitu, si nafuu wala maumivu, na hapo ndipo dawa hii inapopata maadui katika nyumba nyingi.

Ini kazini

Wengi wetu tunadhani kolesteroli ni yale mafuta ya chipsi na nyama choma tuliyokula juzi, yakielea katika damu. Sivyo. Kolesteroli ni kitu kama nta, na mwili unaihitaji. Iko katika kuta za chembe zote za mwili; homoni za uzazi hutengenezwa kwayo, hali kadhalika nyongo inayosaidia kusaga mafuta ya chakula. Tena sehemu kubwa ya kolesteroli hatuili, tunaitengeneza wenyewe mwilini, na ini ndilo fundi mkuu. Ndiyo maana unaweza kumwona mama mwembamba, mlaji wa mchicha, mwenye kolesteroli ya juu kuliko jirani yake mnene. Wako waliorithi hali hiyo kwa wazazi wao, nao hawana kosa lolote la chakula.

Kwa kuwa nta haichanganyiki na maji, husafirishwa katika damu ikiwa imefungwa katika vifurushi vidogo. Vile ambavyo kwenye karatasi ya maabara vimeandikwa LDL ndivyo tunavyoviita kolesteroli mbaya. Vikizidi hujipenyeza katika kuta za mishipa, hukaa humo na kufanya vivimbe. Kivimbe kinaweza kukaa miaka na miaka bila kumsumbua mtu. Siku kikipasuka, damu huganda juu yake na mshipa ukaziba. Ukiziba mshipa wa moyo, ndilo shambulio la moyo. Ukiziba wa ubongo, ndicho kiharusi kama kile alichokipata mume wa mwandishi wetu.

Sasa, ini halitengenezi tu kolesteroli, pia huiondoa katika damu. Juu ya chembe zake kuna kama mikono midogo inayozidaka LDL zinapopita na kuziingiza ndani. Mikono hiyo iligunduliwa na madaktari wawili wa Texas, Michael Brown na Joseph Goldstein, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1985.

Atorvastatini ni ya ukoo wa dawa ziitwazo statini, na ndugu zake tunaokutana nao sana ni simvastatini na rosuvastatini. Chanzo cha ukoo huu ni ukungu, jambo ambalo kila mara tukilifikiri tunamtukuza Muumba. Mtaalamu wa Japani, Akira Endo, aliyefariki mwaka 2024, alichunguza aina zaidi ya 6,000 za kuvu, na mwaka 1973 akapata alichokitafuta katika ukungu wa rangi ya buluu na kijani, wa jamii ya ule uliotupa penisilini. Statini ya kwanza ikaanza kuuzwa Marekani mwaka 1987.

Kazi yake ni hii. Statini hukizuia kimeng'enya ambacho ini hukitumia kutengeneza kolesteroli. Ini likijiona limepungukiwa, hutoa mikono mingi zaidi na kuanza kuzidaka LDL zilizomo katika damu. Fikirini nyumba ambayo bomba la maji limefungwa karibu lote. Watu wa nyumba hiyo wataanza kuteka maji ya pipa lililoko uani. Pipa halitakauka siku ya kwanza. Litashuka siku kwa siku, mpaka kinachotekwa na kinachoingia vilingane, kisha litatulia hapo. Maji yakibaki chini ni kwa sababu bomba bado limefungwa. Siku ukilifungua, pipa hujaa tena.

Basi msishangae kwamba hakuna kinachoyeyushwa. Mwili wetu tayari una joto la nyuzi 37, na kama kolesteroli ilikuwa ya kuyeyushwa kwa kitu cha moto, ingekwisha kuyeyuka tangu zamani bila ndimu.

Siku gani ya kupima

Kwa mfano wa pipa mtaelewa kwa nini daktari husema njoo upime baada ya muda fulani. Ukipima siku ya kumi utakuta imeshuka kiasi, utashindwa kujua itaishia wapi, na pesa ya maabara imekwenda. Wakati mzuri ni kati ya wiki ya nne na ya kumi na mbili tangu dawa ianze au dozi ibadilishwe. Kwa hiyo baba huyu katika wiki ya tano anaweza kupimwa hata sasa. Sisi tungemwambia asubiri ya nane kama ndiyo tarehe aliyopewa, aende maabara ileile ya kwanza, na abebe ile karatasi ya zamani. Bila karatasi ya kwanza, ya pili husema nusu ya habari tu. Auliziwe mapema kama maabara hiyo inataka mtu aende bila kula. Nyingi siku hizi hazidai, nyingine bado zinadai.

Atarajie nini? Atorvastatini ya miligramu 40 hushusha LDL karibu nusu. Kama kabla ya dawa LDL ilikuwa 4.2, basi tukikuta 2.1 au karibu na hapo, dawa imefanya kazi yake, hata kama baba anasema haoni kitu. Lakini kwa mtu aliyekwisha kupata kiharusi au ugonjwa wa moyo, madaktari wengi hutaka LDL iwe chini ya 1.8, na wako wanaotaka chini ya 1.4. Hivyo msivunjike moyo daktari akiongeza dozi au akaweka kidonge cha pili, kama vile ezetimibi, ambacho huzuia kolesteroli isinyonywe tumboni. Hiyo haina maana kwamba cha kwanza kimeshindwa.

Ila asijiongezee mwenyewe. Tunajua wanaume wengine hufikiri vidonge viwili vitafanya kazi mara mbili. Kwa statini sivyo. Kila dozi inapoongezwa mara mbili, LDL hushuka kwa kama asilimia 6 tu zaidi, huku madhara yakikaribia.

Na kama baada ya miezi mitatu hakuna kilichoshuka? Swali la kwanza ambalo muuguzi huuliza, tena kwa upole na bila mwingine chumbani, ni kama vidonge vinamezwa kweli. Mara nyingi jibu hupatikana hapo. Kama vinamezwa, daktari ataangalia mengine, kwa mfano tezi ya shingo iliyolegea katika kazi yake. Hilo ni tatizo linalotupata sana sisi wanawake, nalo hupandisha kolesteroli.

Wiki za damu, miaka ya mishipa

Tukija kwenye faida yenyewe, ni lazima tuwe wakweli, maana mtu aliyeahidiwa miujiza ya mwezi mmoja ndiye anayeacha dawa mwezi wa pili. Vivimbe katika mishipa vilijengwa kwa miaka 20 au 30. LDL ikishuka, havitoweki. Hutulia, ngozi yake inakuwa ngumu zaidi isipasuke ovyo, na kwa dozi kubwa baada ya miaka kama miwili vinaweza kunywea kidogo. Tunachonunua kwa kile kidonge ni mshipa usiopasuka. Ni vigumu kuona kitu ambacho hakikutokea.

Wataalamu waliweza kukiona kwa kuwahesabu watu wengi. Mwaka 1994 yalitangazwa majibu ya jaribio lililofanyika Denmark, Finland, Iceland, Norway na Sweden. Wagonjwa wa moyo 4,444, wanawake 827 wakiwamo, waligawanywa makundi mawili. Wengine walikunywa simvastatini, wengine kidonge kinachofanana nayo kisicho na dawa, na wao wenyewe hawakujua wako upande upi. Katika mwaka wa kwanza vifo vya makundi hayo vilikwenda karibu sambamba. Baadaye yakaanza kuachana. Baada ya miaka kama mitano na nusu, wasiopata dawa walikuwa wamekufa 256, na waliopata dawa 182. Watu 74 wakaendelea kula pamoja na familia zao. Hakuna hata mmoja kati yao anayeweza kusema kwa hakika, "Mimi ndiye." Kwa wanawake, mashambulio ya moyo yalipungua pia, ingawa idadi yao ilikuwa ndogo mno kupima vifo.

Kwa waliopata kiharusi kama baba huyu, lilikuwapo jaribio jingine, majibu yake yakatolewa mwaka 2006. Watu 4,731 waliokuwa wamepata kiharusi au dalili zake za kupita walifuatiliwa kwa karibu miaka 5. Waliokunywa kidonge kisicho na dawa, asilimia 13.1 walipata kiharusi tena. Waliokunywa atorvastatini ya miligramu 80, asilimia 11.2. Tofauti hiyo inaonekana ndogo kwenye karatasi. Katika nyumba ambayo baba ni mtafutaji na watoto bado ni wanne shuleni, kiharusi cha pili si kitu kidogo. Hata hivyo, jaribio hilohilo lilionyesha kwamba kiharusi cha kuvuja damu kiliongezeka kidogo kwa waliokunywa dawa. Ndiyo maana daktari hutaka kujua kwanza ni kiharusi cha aina gani, na ndiyo maana kidonge cha presha hakiruhusiwi kuachwa hata siku moja kwa kusema "nina kile cha kolesteroli".

Na kwa mwenye kolesteroli ya juu ambaye bado hajaugua lolote? Mwaka 2020 wataalamu walikusanya majaribio 8 ya watu wa miaka 50 hadi 75 wasio na ugonjwa wa moyo. Wakaona kwamba wakinywa statini watu 100, itachukua kama miaka miwili na nusu kumwokoa mmoja wao na shambulio la moyo au kiharusi. Tukiwaambia akina mama namba hiyo wengine hucheka, wakisema mmoja tu? Basi kwa mtu wa namna hii ni haki kabisa kukaa na daktari na kupima mzigo na faida: umri, kisukari, presha, sigara, wazazi walikufa kwa nini. Kwa aliyekwisha kupata kiharusi hatuoni cha kubishania. Huyo tunamsihi.

Wanaoacha njiani

Tunaye dada mmoja katika umoja wetu wa wanawake, kisukari anacho kwa muda mrefu. Alianza statini, akanywa miezi mitatu, akapima, LDL ikawa nzuri kupita alivyotegemea. Akasema amepona, akampa mdogo wake vidonge vilivyobaki. Nusu mwaka baadaye tukamshawishi apime tena, na namba ilikuwa imerudi palepale ilipoanzia. Pipa lilijaa. Hakupata madhara yoyote, tunamshukuru Mungu, na sasa anakunywa. Mdogo wake hakuwahi hata kupimwa.

Wengine huacha kwa sababu ya mahubiri. Hapa tuseme bila kuzunguka. Muhubiri anayemwambia mgonjwa wa kiharusi atupe dawa ili aonyeshe imani, hatamwogesha mgonjwa huyo siku atakapolala kitandani. Atakayemwogesha ni mke wake. Mfalme Hezekia alipougua, Mungu alikwisha kumwahidi kwa kinywa cha Isaya kwamba atapona, na bado Isaya huyohuyo akaagiza tini ziletwe ziwekwe juu ya jipu. Hatusomi kwamba zile tini zilipunguza imani ya mtu yeyote. Ombeni, mfunge, na kidonge kimezwe.

Wengine huacha kwa maumivu ya misuli. Hayo yapo, tusiyadharau. Lakini mwaka 2020 yalitolewa majibu ya jaribio dogo la Uingereza, la watu 60 ambao wote walikwisha kuacha statini kwa kusema inawaumiza. Walipewa kwa zamu miezi ya statini, miezi ya kidonge kisicho na dawa, na miezi ya bila chochote, bila kujua kipi ni kipi kati ya vile vidonge viwili. Sehemu kubwa ya maumivu, kama tisa ya kumi, yaliwapata vilevile wakiwa wanameza kidonge kisicho na kitu. Hawakuwa waongo, maumivu waliyasikia kweli. Hofu ya dawa nayo huuma. Basi mwenye maumivu asiache kimyakimya, aende aseme. Dozi inaweza kupunguzwa au statini ikabadilishwa, na wengi hupata inayowakubali.

Kuna maumivu yasiyongoja miadi. Misuli ikiuma sana na kulegea, na mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, acheni dawa na mwende hospitali siku hiyohiyo. Macho yakiwa ya manjano, vivyo hivyo.

Na dawa zikutanishwe kwa uangalifu. Mwambieni kila daktari na kila muuza dawa kwamba mgonjwa yuko kwenye statini, hasa akitaka kumwandikia klarithromisini, dawa ya kumeza ya fangasi, au baadhi ya dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI, maana hizo zinaweza kuifanya statini izidi mwilini. Rifampisini, ile ya kifua kikuu, hufanya kinyume, inaipunguza. Balungi nalo, tunda zuri kabisa, liachwe na wanaotumia simvastatini, na wa atorvastatini wasilinywe kwa jagi.

Yanayohusu jikoni na mfuko

Turudi kwa mama mkwe. Tusingependa mwandishi wetu agombane naye kwa chupa ya ndimu. Mwanamke aliyemzaa mgonjwa ana haki ya kuhangaika. Mwambie, "Mama, ahsante, tutakitia kitunguu saumu kwenye mchuzi na ndimu kwenye mboga, na kidonge chake atameza jioni." Kitunguu cha mchuzi hakina neno. Kukinywa kwa vikombe kila siku, kwa mtu aliye kwenye aspirini, hatukushauri, kwa sababu kikizidi kinaweza kuongeza hatari ya kutoka damu.

Chakula kina nafasi yake, nacho pia huonyesha matunda baada ya wiki chache, ingawa kwa watu wengi hakifikii nguvu ya kidonge. Punguzeni mafuta ya kuganda, mawese na tui zito, msiyape nafasi ya kila siku. Maharage, kunde, choroko na dengu ziwe mara nyingi, na mafuta ya alizeti kwa kijiko, yasimiminwe. Jambo moja ambalo wengi hawalijui: kahawa iliyochemshwa na kunywewa bila kuchujwa kwa karatasi hupandisha LDL. Mwenye kupenda kahawa chungu vikombe vitano kwa siku ajue hilo.

Kuhusu gharama, mwombe daktari aandike jina la dawa yenyewe, atorvastatini, bila jina la kampuni. Hatimiliki ya kampuni iliyoitoa kwanza ilikwisha zamani, Marekani mwaka 2011, na viwanda vingi sasa vinaitengeneza kwa bei tofauti sana. Zungukieni maduka mawili matatu ya dawa yenye leseni. Kama bado ni nzito, mwambie daktari ukweli wa mfuko wenu, atafute nyingine mnayoiweza. Tumeona nyumba nyingi zikinunua vidonge vya siku kumi, kisha wiki mbili bila, kisha kumi tena. Kwa mtindo huo pipa hujaa na kushuka mwaka mzima, na pesa zimetumika. Ni heri dozi ya bei nafuu inayomezwa kila siku.

Atorvastatini na rosuvastatini humezwa saa yoyote, alimradi iwe ileile ili isisahaulike. Simvastatini ni ya jioni, maana haikai sana mwilini na ini hutengeneza kolesteroli zaidi usiku. Ukisahau siku moja, endelea kesho kama kawaida, usimeze viwili.

Neno kwa akina mama wenyewe. Baada ya hedhi kukoma, LDL ya wanawake wengi hupanda, kwa hiyo siku mnayompeleka baba kupima, pimeni na ninyi. Aliye bado katika uzazi na anatumia statini, akitaka mtoto, amwone daktari mapema. Mwongozo wa Uingereza husema dawa iachwe miezi mitatu kabla ya kutafuta mimba. Anayenyonyesha asiitumie. Na aliyejikuta mjamzito akiwa anaimeza, aisimamishe na kwenda kliniki bila kujitesa kwa hofu, kwa maana uchunguzi wa miaka ya karibuni haukuonyesha kwamba inaharibu watoto kama ilivyodhaniwa zamani. Ndugu zetu wawili walio na kolesteroli ya kurithi tumewajibu kwa barua, maana kwao maamuzi ni ya mtaalamu.

Sasa swali la pili la mwandishi wetu: mpaka lini? Kwa aliyepata kiharusi cha mshipa kuziba, jibu ni maisha yake yote, isipokuwa daktari aone sababu ya kubadilisha. Atakapopima wiki ya nane, andika LDL na tarehe katika daftari, chini ya namba ya kwanza, umwonyeshe baba mwenyewe azione mbili pamoja. Dozi ikibadilishwa, hesabu upya wiki nane. Isipobadilishwa, kipimo kinachofuata ni cha mwaka mmoja. Tungefurahi utuandikie hizo namba.

Mwezi ujao, Mungu akitujalia, tutajibu barua tatu zinazouliza juu ya mtoto mkubwa anayekojoa kitandani.